Mwalimu Anasali Wapi? Dini Zenye Utata na Kazi ya Umma

Mwaka 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja, waliodaiwa kufunga hadi kufa, ilipokuwa ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, hapakuwa na matatu ya Malindi kwenda Mombasa isiyozungumza habari hiyo. Nakumbuka safari moja. Redio ilitaja idadi mpya ya siku hiyo, gari zima likanyamaza, kisha mzee aliyekaa karibu na dereva akasema serikali iwaandike wafuasi wote wa makanisa ya aina ile, na asipatikane hata mmoja wao katika kazi ya umma: ualimu, upolisi, unesi, hata kufagia ofisi ya chifu. Abiria wakaitikia. Mama mmoja nyuma yangu, mtoto amemlalia mapajani, akauliza, "Na mwalimu wa huyu mwanangu je, mzee? Yeye husali nyumbani kwa mtu, hatujui mle ndani wanafundishwa nini." Mzee akamjibu, "Huyo ndiye awe wa kwanza, mwanangu."

Hofu ile hata mimi nilikuwa nayo. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, nao wakakana mashtaka. Baada ya msiba kama huo, mtu kutaka ulinzi si kosa. Lakini pendekezo la mzee lilikuwa limefunga mambo matatu tofauti katika fundo moja, na tangu siku hiyo nimelisikia fundo hilohilo barazani, kwenye vipindi vya redio na hata matangani. Nataka tulifungue taratibu.

Kazi ya umma ni kazi inayolipwa kwa kodi yetu na kufanywa kwa niaba yetu sote. Mwalimu wa shule ya serikali yumo, nesi wa zahanati yumo, askari jela, karani wa kaunti, jaji na waziri wamo. Kumzuia mtu asiipate kazi hiyo kunaweza kuwa na maana ya kumkataa kwa jina la dini yake tu, bila kuangalia lolote alilotenda. Kunaweza pia kuwa na maana ya kumwondoa kwa tendo: amewahubiria wanafunzi katika kipindi cha hesabu, au amemnyima mgonjwa dawa akimwambia atapona kwa maombi. Na kuna jambo la tatu, sharti la kazi linalowahusu wote, kama sare au zamu ya Jumamosi, ambalo mwenye imani fulani hulemewa nalo kuliko wenzake. Ukiyachanganya haya matatu, utajikuta unamwadhibu mfagiaji kwa kosa la mhubiri ambaye hajawahi hata kumwona.

Halafu, dini yenye utata ni ipi? Watu hulitamka neno hili kana kwamba kuna orodha imebandikwa mahali. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa Nkamba, Kongo, mwaka 1921. Wabelgiji walimkamata mwaka huohuo wakamhukumu kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951, baada ya miaka 30. Leo kanisa lililotokana naye lina mamilioni ya waumini, na tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa nchini Kongo kwa heshima yake. Kwetu Kenya, Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ilipigwa marufuku na mkoloni mwaka 1948, mwenyewe akapelekwa kizuizini Lamu. Serikali huru nayo ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Na kule Uingereza, dini yenye utata kwa zaidi ya miaka 150 ilikuwa ni Ukatoliki: sheria ya mwaka 1673 ilimtaka kila mwenye cheo cha serikali apokee ushirika wa kanisa la taifa na aape kuyakana mafundisho ya Kikatoliki, na mlango haukuwafungukia Wakatoliki hadi 1829.

Sheria hiyo ya Uingereza inafaa kutazamwa kwa sababu inaonyesha jinsi kizuizi cha namna hii kinavyomchagua mtu wa kumnasa. Fikiria Wakatoliki wawili wanatafuta kazi moja. Wa kwanza anaapa uongo mchana na kusali kwa siri usiku. Huyo anapata kazi. Wa pili hawezi kutia ulimi wake katika kiapo asichokiamini, kwa hiyo anarudi nyumbani mikono mitupu. Serikali imebaki na yule anayejua kudanganya na imemfukuza yule ambaye neno lake ni neno. Fomu inayomuuliza mtu dhehebu lake hufanya hivyo hivyo hata leo. Mwenye nia mbaya ataandika jina la kanisa kubwa la mjini, na hakuna wa kumfuata hadi kwake kuhakikisha.

Sasa sheria zetu. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 32, haibabaishi: mtu hawezi kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote, wala ajira, wala huduma, wala kufurahia haki yoyote, kwa sababu ya imani au dini yake. Neno ajira limeandikwa waziwazi. Katiba ya Tanzania ya 1977, Ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kubadili dini, na Ibara ya 22 inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Kwa hiyo wanaosema kazi ya serikali ni hisani, na mwenye hisani humpa amtakaye, wanakosea. Kazi yenyewe huenda usiipate, wenzako wakikushinda kwa sifa. Lakini kupimwa kwa kipimo kilekile wanachopimwa wenzako, hiyo ni haki yako.

Kuna wanaovuka mpaka kwa upande wa pili wakadai kwamba uhuru wa dini maana yake mtumishi haguswi mradi aseme "imani yangu". Nalo si kweli. Sheria hutenganisha kuamini na kutenda. Ulichonacho moyoni serikali haina ruhusa ya kukigusa. Ukikitoa nje kikakutana na watu wengine, hapo inaweza kuweka mipaka, kwa sababu ya kueleweka na kwa kiasi. Mfano ninaoupenda ni wa barabarani. Askari wa trafiki akisimamisha basi usiku pale Mtwapa, hamuulizi dereva kama dini yake inaruhusu pombe. Anampulizisha alkoblo, kifaa cha kupima pombe. Dereva wa dini inayoharamisha pombe akikutwa amelewa, amelewa. Na yule ambaye dini yake haina neno na pombe, kipimo kikisoma sifuri, anaruhusiwa kwenda zake. Abiria wanalindwa na kile kifaa.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwahi kupokea kesi mbili ambazo, ukizilaza pamoja, zinaeleza jambo hili kuliko hotuba nyingi.

Ya kwanza ilitoka mji wa Ruse, Bulgaria. Mwanamke mmoja alikuwa msimamizi wa bwawa la kuogelea katika chuo cha ufundi. Alikuwa muumini wa kikundi cha kiinjili kilichonyimwa usajili katika miaka ya 1990, wakati magazeti ya huko yalikuwa yakiandika kwa hasira juu ya madhehebu mapya. Shinikizo likaanza: aachane na imani ile au ajiuzulu. Alipokataa, sifa za kazi yake zikabadilishwa ghafla, ikaonekana hana kisomo kinachotakiwa, akafukuzwa mwaka 1995. Kwenye makaratasi dini haikutajwa. Lilikuwa suala la vyeti. Mahakama iliyatazama matukio yalivyofuatana, nani alimwita, lini, na sifa zilibadilishwa siku gani, na mwaka 2007 ikasema wazi kwamba ameondolewa kwa ajili ya imani yake na haki yake imevunjwa. Hakuna aliyeonyesha kwamba alimhubiria mwanafunzi hata mmoja pale bwawani.

Ya pili ilitoka Urusi. Huyu alikuwa jaji, naye wa kanisa dogo la kiinjili. Malalamiko yaliyomfikisha kwenye nidhamu yalikuwa kwamba alisali mbele ya watu kesi zikisikilizwa, na kwamba aliwaahidi baadhi ya wenye kesi mambo yatawaendea vizuri wakijiunga na kanisa lake. Akavuliwa ujaji. Mwaka 2001 mahakama ileile ya Ulaya ilikataa kuisikiliza kesi yake, kwa kuwa alikuwa ameondolewa kwa yale aliyoyatenda akiwa kwenye kiti cha hukumu.

Tazama wanavyofanana: wote ni waumini wa makanisa madogo yanayotiliwa shaka, wote ni watumishi wa umma. Sasa jiweke mahali pa mjane mwenye kesi ya shamba mbele ya jaji yule. Anakuuliza kanisa lako. Utajua hapohapo kwamba shamba lako limeingia hatarini. Pale bwawani Ruse, mwanafunzi aliogelea, akajifuta, akaenda zake darasani.

Lile jambo la tatu, sharti la kazi, lilijitokeza vizuri Afrika Kusini. Maaskari jela watano wa gereza la Pollsmoor, Cape Town, walifukuzwa mwaka 2007 kwa kufuga rasta. Baadhi yao walikuwa wafuasi wa Rastafari, wengine walifuga kwa mila za Kixhosa. Idara ya magereza ilisema nywele zile zinaharibu nidhamu, na kwamba Rasta na bangi haviachani, kwa hiyo askari wa aina hiyo angeweza kulegea mbele ya wafungwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa Kuu ikauliza swali ambalo mwajiri yeyote anapaswa kujiuliza kabla ya kusaini barua: uko wapi ushahidi kwamba watu hawa walifanya kazi vibaya? Walikuwa wamefuga nywele zile kwa miaka na funguo za gereza mikononi mwao. Ushahidi haukuwapo. Kwa upande mwingine, mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyohiyo ilimkatalia Gareth Prince, mhitimu wa sheria ambaye ni Rasta na alitaka kuingia uwakili, aliyekuwa ameshatiwa hatiani kwa bangi na akasema waziwazi ataendelea kuivuta. Majaji waligawanyika 5 kwa 4, na mimi bado sijui ningepigia upande gani.

Kwetu kuna kesi ya karibu na hiyo ingawa haikuhusu ajira. Wanafunzi wa Tanzania walio Mashahidi wa Yehova waliadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Kutoimba si lazima kuwe dharau. Wanaweza kusimama kwa adabu wenzao wakiimba.

Mpaka hapa mambo ni mepesi kiasi. Hoja nzito ya mzee wa matatu ni nyingine: itakuwaje kama jumuiya yenyewe inawadai wafuasi wake utii unaopita utii kwa nchi? Hapo mfano wa kweli ni Ujerumani. Mwaka 1997 idara yake ya kulinda katiba ilianza kuifuatilia Scientology, shirika lililoanzia Marekani, ikidai malengo ya shirika hilo yanapingana na misingi ya demokrasia. Wenyewe wanasema wao ni dini na wanaonewa. Jimbo la Bavaria, mwaka 1996, lilianza kuwapa waombaji wa kazi za serikali fomu inayowauliza uhusiano wao na shirika hilo. Wajerumani wana sababu ya kuwa waangalifu. Taifa lao liliwahi kuona watumishi wa umma wakigeuka watumishi wa chama kimoja, na majaji wakiwa miongoni mwao. Siwezi kuwacheka.

Lakini angalia fomu ile ilikofika. Jiji la Munich lilikuwa na ruzuku kwa wakazi wanaonunua baiskeli za umeme, na mwombaji alitakiwa kutia saini kwamba hafuati mafundisho ya Scientology. Mwanamke mmoja akakataa kutia saini, akanyimwa ruzuku. Kesi ikapanda hadi mahakama kuu ya masuala ya utawala, ambayo mwezi wa Aprili 2022 iliamua kwamba jiji halina mamlaka ya kumtaka mtu atangaze imani yake ili apewe ruzuku ya baiskeli. Kilichoanza kama tahadhari juu ya kazi nyeti kilikuwa kimefika kwenye pedali.

Kwa kazi chache kweli, kama ujasusi au ulinzi wa silaha nzito, naona ni halali kumchunguza mtu kwa kina: madeni yake, marafiki zake, nani anaweza kumwamuru. Achunguzwe yeye kama mtu, aulizwe, ajibu, na akikataliwa apewe sababu anayoweza kuipinga. Hilo liko mbali sana na orodha ya madhehebu.

Nchi zilizoandika orodha zipo, na moja ni jirani. Malawi ya Kamuzu Banda iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1967. Kosa lao kubwa lilikuwa kukataa kununua kadi za chama. Mwaka 1972 mkutano mkuu wa chama tawala uliazimia waondolewe kazini, serikalini na hata kwa waajiri binafsi. Kilichofuata hakikuishia kwenye barua za kufukuzwa. Nyumba zilibomolewa, watu walipigwa, maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Marufuku iliondolewa 1993. Eritrea nayo, mwezi wa Oktoba 1994, kwa agizo la Rais Isaias Afwerki, iliwavua Mashahidi wa Yehova haki za uraia, wakapoteza kazi za serikali pamoja na leseni za biashara. Serikali ikishatangaza kwamba kundi fulani halifai hata kufagia ofisi, jirani mwenye rungu husikia jambo lingine kabisa.

Na kuna hadithi ya mawaziri wawili ambayo ningependa kila Mswahili aijue. Pakistan ilipozaliwa, waziri wake wa kwanza wa mambo ya nje alikuwa Zafarullah Khan, wa jumuiya ya Ahmadiyya. Waislamu wengi wanapingana vikali na Waahmadiyya juu ya mwanzilishi wao, na mzozo huo wa kidini mimi siuingilii. Mwaka 1953 umati ulijaa barabarani Punjab ukitaka aondolewe pamoja na wenzake wenye vyeo. Watu wakafa, jeshi likachukua mji wa Lahore. Tume iliyochunguza ghasia hizo iliwaita maulamaa ikawauliza swali la kwanza kabisa: Mwislamu ni nani? Taarifa yake ya 1954 ilisema hapakuwa na wawili waliotoa maelezo yanayolingana. Hata hivyo, miaka 20 baadaye katiba ilibadilishwa kuwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu.

Miaka hiyohiyo, Tanganyika ilikuwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi. Naye alikuwa Mwahmadiyya, tena mhubiri wao hasa, na mshairi ambaye hadi leo wanafunzi wa mizani na vina hawamkwepi. Akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Nyerere akamfanya waziri wa sheria. Waislamu wa Tanganyika wasiokubaliana na madhehebu yake walikuwa wengi, na hawakuacha kutokubaliana naye. Lakini wizara aliiongoza. Alifariki 1964 akiwa bado kijana wa miaka 40, na ukienda Arusha kutazama mpira unaingia uwanja wenye jina lake.

Turudi Shakahola, maana wasiwasi ulianzia huko. Mackenzie hakuwa mtumishi wa umma. Alikuwa ameshakamatwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023, na mwezi wa Machi mwaka huo alikamatwa tena kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilieleza jinsi vyombo vya dola vilivyoshindwa kuchukua hatua mapema licha ya dalili zilizokuwapo. Orodha ya dini za walimu na wafagiaji isingemwokoa mtoto hata mmoja pale msituni. Aliyehitajika ni ofisa wa kuingia msituni siku ya kwanza mtu alipopiga ripoti.

Kwa hiyo yule mama ana haki ya kupata jibu bora kuliko alilopewa na mzee. Mwalimu akikosa darasani kwa ajili ya ibada, kuna daftari la mahudhurio. Akiwaambia watoto wasichanjwe, wasile, au waache shule kwa kuwa mwisho umekaribia, mama aende kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo, aandike tarehe na maneno yaliyosemwa, na ikibidi apeleke malalamiko Tume ya Huduma za Walimu na polisi. Hayo ni matendo, yanaweza kuthibitishwa, na adhabu zake zipo, hata akiwa ni muumini wa kanisa kubwa kuliko yote mjini.

Matatu ilifika Kilifi. Mama akamwamsha mtoto, akambeba begani na kushuka, na katika gari zima hakuna aliyekuwa amemuuliza kama mwalimu huyo anafundisha vizuri.